Hemofilia Si Ugonjwa wa Muhimbili

Kuna jibu moja ambalo mzazi wa mtoto mwenye hemofilia hulisikia kila anapobisha hodi: mpeleke Muhimbili. Muuguzi wa zahanati hulitoa kwa huruma, na diwani hulitoa kwa sababu hana lingine. Wapangaji wa huduma za afya hulipamba kidogo: ugonjwa huu ni adimu, dawa zake ni ghali, mabingwa wake wanahesabika, basi mahali pake ni hospitali ya taifa iliyo Dar es Salaam. Jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba hata wanaoumizwa nalo wamelikubali. Mimi nalipinga. Hemofilia ni ugonjwa wa zahanati kwanza, ndipo uwe wa hospitali kubwa, na watoto wetu wanalemaa na kufa kwa sababu tumeupanga kinyume.

Napafikiria mahali mahususi ninapoandika haya: kata ya Ulaya, wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Asiyeujua mkoa huo akisikia jina hudhani nazungumzia bara la ng'ambo. Ulaya hii iko kwenye barabara inayotoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, safari ya zaidi ya kilomita 70 ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Watu wake wanalima. Mikumi kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Kilosa kuna hospitali ya wilaya, Morogoro mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na Kilosa ina kituo. Ukitazama ramani, mgonjwa wa Ulaya hajawahi kuwa karibu na Muhimbili kama alivyo leo.

Ramani hiyo haimsaidii, na sababu imo ndani ya ugonjwa wenyewe.

Damu hugandishwa na mfuatano wa protini ambazo madaktari wamezipa namba. Anayekosa ya nane ana hemofilia A. Anayekosa ya tisa ana hemofilia B, iliyo nadra zaidi. Mwenye hali kali ana chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mtu mwingine, ila haikomi. Wengi wanadhani adui wa mtu huyu ni wembe au kisu cha jikoni. Mchubuko wa nje unaonekana, unabanwa, mara nyingi unatulia. Kinachomwangamiza ni damu inayovuja ndani, bila jeraha lolote: kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu, msuli wa nyonga, na baya kuliko yote, kichwani.

Goti huanza kwa mwasho na joto ambalo mtoto hulihisi kabla mtu mwingine hajaona kitu. Baada ya saa chache limevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na mguu haunyooki. Chuma kilichomo kwenye damu hiyo huula utando wa kiungo na gegedu lake. Utando ulioumia huvuja kwa urahisi zaidi, kwa hiyo goti lile lile linavimba tena mwezi unaofuata, na mwezi mwingine, mpaka siku moja halikunjuki kabisa. Ulemavu huo haukuzaliwa na mtoto. Umejengwa, damu baada ya damu, mbele ya macho yetu.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirikisho la Hemofilia Duniani unataka mgonjwa apate protini anayoikosa, ambayo wagonjwa wenyewe wanaiita faktori, mapema iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya saa mbili. Sasa piga hesabu ukiwa Ulaya. Mtoto ameamka saa nane usiku analia goti. Bodaboda ipatikane, nauli ikopwe kwa jirani, mvua ipungue, daladala au treni ingojewe alfajiri, halafu Dar es Salaam yenyewe na foleni zake. Hata mambo yote yakienda vizuri, saa mbili zimepita mara nyingi. Anayemwambia mama huyo "mpeleke Muhimbili" anamwambia, bila kukusudia, akubali goti life. Na hapo sijataja mafuriko. Kilosa inayakumbuka ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyosomba makazi na kukata reli. Mwaka kama ule, hata Morogoro mjini ni mbali.

Nitarudi kwenye kinachowezekana palepale Ulaya. Kwanza nishughulikie neno adimu, maana ndilo linalotangulizwa kila mara.

Makadirio yanayotumiwa na wataalamu duniani yanaonyesha kwamba kwa kila wanaume 100,000 walio hai, takriban 21 wana hemofilia ya aina moja au nyingine. Yaani karibu mmoja kwa kila wanaume 5,000. Sensa ya 2012 iliihesabu wilaya ya Kilosa watu 438,175. Tuseme nusu yao walikuwa wanaume. Hesabu hiyo inatupa watu zaidi ya arobaini katika wilaya moja, kabla ya kuongeza waliozaliwa tangu wakati huo. Sensa ya 2022 iliikuta Tanzania na watu zaidi ya milioni 61; kwa kipimo hicho hicho tunazungumzia watu zaidi ya 6,000 nchini. Wangekuwa wanafunzi wa shule, tungewajengea shule kadhaa.

Wako wapi basi? Shirikisho hilo hilo linakadiria kwamba zaidi ya robo tatu ya wenye hemofilia duniani hawajatambuliwa, na sehemu kubwa yao wako kwenye nchi kama zetu. Wapo Ulaya, wapo Zombo, wapo Kisanga, wakiitwa majina mengine. Mmoja anaitwa mwenye baridi yabisi. Mwingine amerogwa. Wa tatu alipasuliwa uvimbe wa paja kwa kudhaniwa jipu, na hakuamka. Kaka zao walivuja hadi mwisho jandoni, ukoo ukasema mzimu umekataa. Ugonjwa usiopimwa huonekana adimu, kisha uadimu huo unatumiwa kuwa sababu ya kutoupima. Nani ataitoa nchi kwenye mzunguko huo kama si zahanati anakofikia mtoto mara ya kwanza?

Dhana nyingine, dada ya hiyo, ni kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu, wa wafalme. Imetokana na historia ya kweli. Malkia Victoria wa Uingereza alibeba hemofilia B, akairithisha kwa mwanawe Leopold, na kupitia mabinti zake ikafika Hispania na Urusi, kwa mtoto wa mfalme, Alexei. Ukoo wao ulijulikana kwa sababu kila kifo kiliandikwa. Vifo vya wavulana wa Kilosa havikuandikwa na mtu. Hilo tu ndilo lililofanya ugonjwa uonekane wa ikulu. Hitilafu ya vinasaba haichagui rangi ya ngozi, na katika takriban theluthi ya wagonjwa hutokea upya, kwenye ukoo ambao haujawahi kuwa na mgonjwa hata mmoja.

Na hapo kuna jambo linalonikera kuliko yote katika maisha ya kila siku ya familia hizi: mama kulaumiwa. Kweli, hitilafu hukaa kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mamaye. Mama mbebaji ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto wa kiume. Watu wakisikia hilo husimama hapohapo, wakamrudisha mwanamke kwao na mtoto wake mgongoni. Hawangoji kusikia kwamba mwanamume mwenye hemofilia huwarithisha mabinti zake wote. Kwamba mama huyo naye aliipokea kwa mzazi wake, baba au mama, au hakuipokea kwa yeyote. Kwamba yeye mwenyewe anaweza kuwa anatokwa damu kupita kiasi kila mwezi na kila uzazi bila mtu kumuuliza. Kuachwa huko hakuletwi na hemofilia. Kunaletwa na kukosa mtu wa kueleza, kwa lugha ya kijijini, ndani ya chumba cha kliniki, mume akiwepo. Daktari bingwa aliye Dar es Salaam hawezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya nesi anayeifahamu familia.

Sasa gharama. Hapa wapinzani wangu wana hoja, na siikwepi. Faktori ni ghali kweli. Mgonjwa mmoja mwenye hali kali katika nchi tajiri hutumia kwa mwaka fedha ambazo zahanati ya kwetu haitaziona. Dawa mpya ya emisizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 na inayochomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, kwa wiki mbili au hata kwa nne, nayo bei yake ni kubwa. Lakini faktori nyingi inayotumika katika nchi zetu haijanunuliwa na serikali. Ni msaada unaopitia mpango wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, na emisizumabu nayo imeingizwa humo. Kwa hiyo swali la leo si la bei peke yake. Ni la mahali chupa zinapokaa. Zikikaa zote mjini, mgonjwa wa Kilosa atazipata baada ya goti kuharibika, yaani wakati hazimsaidii sana, na atahitaji nyingi zaidi. Huo ndio ubadhirifu.

Watu huitetea hali hiyo wakisema dawa hizi zinahitaji uangalizi wa hali ya juu. Tuitazame chupa yenyewe. Ni chupa ndogo ya kioo yenye unga mweupe, pamoja na maji yake. Maji yanaingizwa kwenye unga, chupa inaviringishwa taratibu kati ya viganja bila kutikiswa mpaka unga uyeyuke, kisha dawa inachomwa polepole kwenye mshipa. Muuguzi anayeweza kumwekea dripu mtoto mchanga mwenye malaria kali, usiku, kwa mwanga wa tochi, anaweza kufanya hivi. Kwingineko duniani akina mama wanafunzwa kuifanya nyumbani, sebuleni. Chupa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na aina nyingi huvumilia joto la chumba kwa miezi kadhaa. Nyuzi 2 hadi 8 ndizo za friji ya chanjo. Friji hiyo imo tayari kwenye zahanati zetu, ikiwa na sola au gesi pale pasipo na umeme wa uhakika. Mashirika ya WHO na UNICEF yameshakubali oksitosini ya wajawazito itunzwe sambamba na chanjo. Sioni kwa nini chupa mbili za faktori za mtoto anayejulikana kwa jina na kitongoji zishindwe kupata kona humo kwa utaratibu maalumu, au angalau pale Kilosa na Mikumi.

Lakini tuseme faktori haipo kabisa. Hata hapo, sehemu kubwa ya kinachookoa kiungo na maisha ni maarifa, na maarifa hayana bei ya ng'ambo.

Tumchukue mvulana wa miaka sita mwenye goti lililovimba, anafikishwa zahanati. Nesi anasikia kilio, anavuta diklofenaki kwenye bomba la sindano na kumchoma kalio. Amefanya alivyofundishwa kutuliza maumivu. Ila diklofenaki, kama asprini na brufeni, inazidhoofisha chembe sahani za damu, msaada pekee uliobaki kwa mtoto yule. Na sindano ya msuli imefungua mvujo mpya mahali asipopaona mtu. Kufikia asubuhi kalio nalo limevimba na mguu wa pili umekufa ganzi. Bibi anashauri apelekwe kwa mganga, anachanjwa chale juu ya goti, nazo zinatoa damu siku nzima. Hakuna aliyemchukia mtoto huyu, na kila aliyemgusa amemzidishia.

Nesi yule yule akiwa ameelekezwa kwa siku moja tu, mambo yanabadilika. Angetoa panado badala ya diklofenaki. Angemlaza, akauinua mguu, akaufunga bendeji bila kuukaza mno, akaweka barafu. Barafu zile zinazouzwa kwa watoto wa shule kwenye vifuko vya nailoni, zikifungwa ndani ya kanga, zinafaa kabisa. Kama mdomo au fizi ndizo zinazovuja, angempa dawa ya traneksamiki, ambayo WHO iliipendekeza mwaka 2017 kwa wanawake wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kwa hiyo si mgeni kwenye wodi za wazazi. Angeandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi ya kliniki: asichomwe sindano ya msuli. Akipata malaria kali, artesuneti ipitie kwenye mshipa. Chanjo ipigwe kwa sindano nyembamba na mahali pabanwe dakika kadhaa. Akianguka na kichwa, asingoje dalili, aondoke saa hiyo hiyo. Kisha angepiga simu kwa daktari wa wilaya. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji bingwa.

Kumtambua mgonjwa nako kunaanzia hapo. Vipimo vya kuhakikisha vinafanywa kwenye maabara kubwa, sibishani na hilo. Lakini sampuli husafiri vizuri kuliko mtoto aliyevimba goti. Na kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mikumi, ambako kuumwa na nyoka si hadithi, kuna kipimo cha zamani cha sumu ya nyoka ambacho mtumishi yeyote anaweza kukifanya: damu kidogo kwenye kichupa kikavu cha kioo, kisimamishwe dakika 20 bila kuguswa, kisha kiinamishwe. Damu ikitiririka kama maji, kuna kasoro. Hakitoi jibu la mwisho, na hemofilia isiyo kali kinaweza kuipitisha. Lakini kwa mvulana mwenye viungo vinavyovimba kila mara, ambaye hajaumwa na nyoka, kinatosha kumfanya mtumishi asiishie kwenye neno baridi yabisi.

Hoja iliyobaki ndiyo nzito kuliko zote: malaria, uzazi, utapiamlo kwanza. Wanaoisema ni watu makini, na anayefanya kazi kwenye zahanati yenye foleni ya wajawazito asubuhi nzima ana haki ya kuisema. Kosa lake ni kudhani kwamba hemofilia inaomba foleni ya pili. Yote niliyoyaorodhesha yanafanywa na mikono ile ile, kwa friji ile ile, kwa kadi ile ile. Tazama selimundu. Inakadiriwa kwamba watoto takriban 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka Tanzania, na kwa miaka mingi nayo ilionekana ugonjwa wa kliniki moja ya Dar es Salaam. Leo kliniki zake zimefika mikoani, na malaria haikuachwa kutibiwa kwa sababu hiyo. Mtumishi aliyejifunza kuuliza "maumivu haya yalianza lini, na nani mwingine nyumbani anayo" kwa ajili ya selimundu, tayari ameshajifunza nusu ya anachohitaji kwa hemofilia.

Wapo wanaoona njia rahisi: familia ihamie mjini. Nimeshasikia wakipewa ushauri huo kana kwamba ni tiba. Maana yake kwa mkulima wa Ulaya ni kuuza shamba, kupanga chumba kimoja pembezoni mwa Dar es Salaam, mama aanze kuuza vitumbua huku mtoto akimngoja ndani, na watoto wengine wagawanywe kwa ndugu. Wengine, wakishindwa kuhama, humfungia mtoto nyumbani: asicheze, asiende shule, asishike jembe. Nia ni kumlinda, na matokeo ni misuli dhaifu inayoshindwa kukishikilia kiungo, kwa hiyo anavuja zaidi. Mtoto huyu anapaswa kutembea, kuogelea panapowezekana, kwenda shule. Mwalimu mkuu anapaswa kuambiwa waziwazi, kwa sababu kanuni zetu bado zinaruhusu viboko mpaka vinne, na kwa mtoto mwenye hemofilia kali kimoja tu kinaweza kumlaza wiki nzima. Mazungumzo kama hayo hufanywa na mhudumu wa afya wa kijijini na mwalimu wanaofahamiana. Hayawezi kutumwa kutoka hospitali ya taifa.

Sina ugomvi na Muhimbili. Bila kliniki yake ya magonjwa ya damu na wazazi waliounda Chama cha Hemofilia Tanzania, tusingekuwa hata na cha kubishania. Upasuaji wa kiungo, mgonjwa ambaye mwili wake umeanza kuikataa faktori, mtoto mwenye damu kichwani: hao ni wa mabingwa, na waende haraka. Ninachokataa ni mabingwa kufanywa mlango wa kwanza. Halmashauri ya Kilosa inaweza kuanza mwaka huu kwa karatasi moja ukutani katika kila zahanati, namba moja ya simu inayopokelewa usiku, na orodha ya watoto wanaojulikana.

Na kwenu, akina baba na wajomba mnaojiandaa kupeleka vijana jandoni baada ya mavuno: kabla ya kumwita ngariba, muulizeni mama wa mtoto kama kwao kuna mvulana aliyewahi kuvuja damu kwa siku kadhaa, alipong'oka jino, alipotahiriwa, au bila sababu iliyoonekana. Jibu likiwa ndiyo, msimkabidhi mtoto kwa kisu. Mpelekeni hospitali ya wilaya, na mseme kwa sauti mnachokihofia.